Wapima Mikono wa Mbigiri

Hapo zamani, mtama ulipokuwa ukiliwa asubuhi na jioni na mtu hakuulizwa amekula nini, palikuwa na nchi iliyoitwa Mbigiri. Sogeeni karibu. Hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina watu watatu walioitwa wapima mikono, na mmoja wao nilikuwa mimi. Nawaambia mapema asije mtu akasema nilijificha. Nimejificha vya kutosha maishani.

Mbigiri ilikuwa na shamba moja la wote, Shamba Kuu, lililoanzia mlimani likaishia korongoni. Mtama wa shamba hilo ndio uliotulisha mwaka mzima. Na kila mwaka, punje zilipoanza kutia maziwa, walikuja kweleakwelea. Mnawajua? Ni ndege mdogo, hajazi kiganja. Lakini hawaji kumi, hawaji mia. Wanakuja kiasi kwamba kivuli chao kikipita juu ya nyumba, kuku wanakimbilia ndani. Asubuhi moja inawatosha kumaliza chakula cha kaya kumi.

Kwa hiyo katikati ya Shamba Kuu palisimama dungu, jukwaa la miti lenye urefu wa watu watatu waliobebana. Juu yake alisimama mtupaji mmoja na kombeo lake. Mmoja tu, maana makombeo mawili juu ya dungu moja ni kupasuana vichwa. Kazi yake ilikuwa kuamia, yaani kulinda mtama kwa kufukuza ndege, tangu jua linachomoza hadi linazama, majuma manne, mpaka mavuno. Hakutupa mawe, kwa sababu mawe huvunja mabua. Alitupa madonge ya udongo uliokaushwa, na aliyalenga mbele ya kundi, pale linapotaka kugeukia, ili ndege wote warudi walikotoka. Anayeweza hivyo ni mmoja katika mia.

Huyo mmoja alipatikanaje? Pembezoni mwa nchi kulikuwa na mashamba madogo ya watu binafsi, yenye madungu mafupi. Vijana waliamia huko miaka miwili, mitatu, mitano. Huko ndiko walikokomaa. Na kila mwaka wapima mikono watatu walizunguka mashamba hayo madogo, kutazama nani yuko tayari kupanda dungu la Shamba Kuu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu hudhani kupima mkono ni kuona nani katupa mbali. Mjinga yeyote anaona aliyetupa mbali. Mpima haangalii donge la leo. Anaangalia donge la juma la nne, mkono umechoka, jua kali, ndege wana njaa. Anamtazama kijana wa miaka kumi na minane na kujiuliza, huyu akifika ishirini na mbili atakuwa nani? Hilo ndilo swali tuliloaminiwa nalo, na ndilo lililotushinda.

Mpima wa kwanza alikuwa Mzee Chibago. Yeye alipima umbali. Alisimama kule madonge yanakoangukia, akahesabu hatua. Wa pili alikuwa Mama Ndalu. Yeye alipima mwili. Alikaa nyuma ya mtupaji, akatazama miguu, kiuno, bega na kiwiko. Wa tatu nilikuwa mimi, Mazoya. Mimi nilipima mkono wenyewe. Niliushika, nikaupapasa kuanzia begani hadi kwenye kifundo, nikitafuta joto, uvimbe, msuli uliokaza.

Na desturi ilikuwa hivi. Tulikatazwa kusemezana. Tangu tunatoka hadi tunarudi, habari za watupaji hazikupita kati yetu, ili jicho la mmoja lisiharibu jicho la mwingine. Kila mmoja alirudi na punje yake ya mtama ndani ya ngumi, akaitumbukiza katika kibuyu cha mtemi mbele ya watu wote. Punje nyeupe, apande. Punje nyekundu, bado. Na mjue kwamba nyekundu haikuwa tusi. Nyekundu ilisema, mwacheni huyu akomae mwaka mmoja zaidi. Ikiingia nyekundu moja kati ya tatu, mtupaji hapandi. Moja tu inatosha.

Mwaka huo watupaji waliozungumzwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Nyemo, mtoto wa dada yake Mama Ndalu. Nyemo hakutupa mbali, hatua mia na arobaini basi, lakini donge lake la kwanza na donge lake la mia yaliangukia mahali pamoja. Mwingine alikuwa Sechelela. Huyu baba yake alikufa mapema, akaachwa na mama mwenye macho mabovu, kwenye kishamba cha magharibi ambako ukilima unasikia jembe likigonga mawe. Na anayepanda dungu kuu, kwao hupewa shamba la bondeni, ardhi isiyokauka. Kwa hiyo msichana yule alipotupa, alikuwa anatupa kumtoa mama yake kwenye mawe yale.

Tulifika kwao asubuhi. Mzee Chibago akaenda kusimama mahali pake kule mbali. Sechelela akazungusha kombeo mara tatu, akaachia. Donge likapita juu ya kichwa cha Mzee Chibago, na mzee mzima akageuka akalitazama linavyokwenda. Hatua mia mbili na kumi. Hakuna aliyewahi kuziona hatua hizo. Akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena.

Mnajua kwa nini tena na tena? Miaka sita nyuma Mzee Chibago alimtilia kijana mmoja punje nyekundu, akisema mkono wake ni mwepesi, hauna nguvu. Kijana akakasirika, akahamia nchi ya jirani, na huko akawa mtupaji wa kuimbwa harusini. Tangu hapo Mzee Chibago hakunywa pombe kwa raha. Akiingia kilabuni watu walisogea wakisema, mpisheni mwenye macho. Akaapa haitatokea mara ya pili. Basi akamtupisha Sechelela madonge arobaini, juani, na msichana alipoomba apumzike, akamwambia bado kumi. Yale kumi ya mwisho yalianza kupinda kushoto na kuanguka karibu. Aliyaona. Lakini alihesabu yale marefu tu. Punje nyeupe.

Mama Ndalu naye alikuwa nyuma, juu ya kigoda chake, na hapakuwa na jicho nchini lililofanana na lake. Donge la tano tu, alishaona. Miguu ya Sechelela imelala. Kiuno kinachelewa. Kazi yote inafanywa na mkono peke yake, na kiwiko kinashuka chini ya bega. Kaka yake Mama Ndalu alitupa hivyohivyo, na mpaka anakufa alikuwa akinywea uji kwa mkono wa kushoto. Mama Ndalu hakudhani. Alijua. Lakini akimtilia Sechelela nyekundu, anayepanda ni Nyemo, na watu watasema kambeba mtoto wa dada yake. Mama huyu alijijengea jina la haki maisha yake yote, na hakutaka liguswe hata kwa ncha ya kidole. Punje nyeupe.

Na mimi.

Mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Si vyote kwa siku moja. Vilianza kwenye ncha, miaka miwili kabla, nikawa nashika chungu cha moto nisijue mpaka nione malengelenge. Nilipaswa kusema. Lakini mpima mikono huketi mbele, hupewa kata ya kwanza ya pombe, hupokewa mzigo njiani. Nikajiambia, nitasema mwaka ujao. Mwaka ukaja, nikajiambia tena. Nikawa nazunguka nikipapasa mikono ya watoto wa watu kwa vidole visivyosikia, nikifumba macho na kutikisa kichwa polepole kama mtu aliyegundua kitu. Katika kutikisa kichwa nilikuwa fundi.

Nikaushika mkono wa Sechelela, umetoka tu kutupa madonge arobaini. Sikusikia chochote. Ningekuwa nimeshika gogo, ingekuwa sawa. Nikamuuliza, unauma, mwanangu? Akanijibu, hapana, babu. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa. Punje nyeupe.

Punje tatu nyeupe ndani ya kibuyu. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wakahamia bondeni juma lilelile, na Sechelela akapanda dungu.

Siku tisa, jamani. Siku tisa watu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Ndege wakitoka mlimani, aliwageuza. Wakitoka korongoni, aliwageuza. Mzee Chibago alitembea kilabuni kifua mbele, na mimi, sitaki kuwadanganya, nilisema mbele za watu kwamba mkono ule niliposhika tu nilijua.

Siku ya kumi, jua la utosi, alizungusha kombeo mara tatu, akaachia, na donge likaanguka palepale chini ya dungu. Tukadhani kombeo limekatika. Halikukatika. Mkono wake ulikuwa unaning'inia. Akalihamishia kombeo kushoto, akajaribu kutupa kwa kushoto, huku akilia, na ndege wakashuka pande zake zote kana kwamba hayupo. Nyemo ndiye aliyekuja mbio kutoka kwenye shamba lao dogo, akapanda, akamteremsha mwenzake, akaamia kilichobaki mpaka mavuno. Theluthi ya mtama iliondoka. Tulikula mlo mmoja kwa siku, lakini hakufa mtu. Shamba la bondeni likahamishiwa kwao Nyemo, maana desturi haina huruma, na Sechelela na mama yake wakarudi kwenye mawe yao.

Desturi ilisema pia kwamba mkono usihukumiwe ukiwa mbichi. Usubiriwe hadi wingu la kwanza la mvua inayofuata, pengine utapona. Tukasubiri. Ukakandwa, ukafungwa majani, ukakandwa tena. Haukupona. Haukufika hata kichwani. Nywele zake alinyolewa na mama yake, yule asiyeona vizuri, na kila aliponyolewa alitoka na mikwaruzo.

Miezi hiyo mimi nilizungukia korongoni kila nilipokwenda kisimani, nisipite mlangoni kwao. Siku moja tukakutana hukohuko korongoni, ana kwa ana, hakuna pa kukwepa. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Akasema, nisamehe babu, nakusalimia kwa kushoto, huu mwingine haunyanyuki. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Na mimi nikamjibu, haidhuru, mwanangu. Ndivyo nilivyomjibu. Nimekula chumvi nyingi, nimeaibika mara nyingi, lakini neno lile haidhuru mpaka leo nikilikumbuka usingizini naamka.

Wingu la kwanza likaonekana. Mtemi akaita watu. Akaweka jembe moja katikati ya uwanja, na kila mtu akajua maana yake. Huko Mbigiri, aliyeuharibu mkono wa mtupaji hupewa jembe la huyo mtupaji. Humlimia, humpalilia, humvunia, kila mwaka, hadi mmoja wao afe. Na akishalipokea, basi. Hurudishiwa uso wake. Hasemwi tena, hunywa na wenzake, watoto humwamkia. Asiyelipokea, na alikuwa na mkono katika jambo lile, huishi na aibu yake bila pa kuitua. Na jembe ni moja. Zamani za babu zetu waliwahi kutoa majembe mawili kwa mtu mmoja aliyeumizwa, na wale wawili wakaachiana magugu, kila mmoja akisema upande ule ni wa mwenzake. Tangu hapo ni jembe moja, mtu mmoja.

Mtemi akauliza nani anasimama.

Nilidhani nitasimama peke yangu. Tulisimama wote watatu.

Mzee Chibago akasema, "Jembe ni langu. Hawa walinyamaza, mimi nilitenda. Mkono haukuharibiwa na punje, uliharibiwa na madonge arobaini, na aliyeyaagiza ni mimi. Aliniomba apumzike nikamnyima, kwa sababu nilikuwa naogopa kuchekwa na walevi. Yale kumi ya mwisho niliyaona yakipinda, nikayaruka katika hesabu. Nani mwingine hapa aliugusa mkono huo kwa amri yake?"

Watu wakasema, kweli, ni lake.

Mama Ndalu akasema, "Kaeni kwanza. Chibago alitamani, na alitumaini utastahimili. Hakuwa na hakika. Mimi nilikuwa nayo. Donge la tano nilimwona kaka yangu mbele yangu, na nilikuwa na punje nyekundu kwenye pindo la nguo yangu. Nikaiacha humo. Kwa ajili ya nini? Ili msiseme nampendelea Nyemo. Nimeuza mkono wa mtoto wa mjane ili nyinyi mniite mwenye haki. Jembe nipeni mimi."

Watu wakasema, hapana, ni la huyu.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Hawa wawili walifanya kazi yao vibaya. Mimi sikuifanya kabisa. Vidole hivi ni vifu. Huu ni mwaka wa tatu." Nikavionyesha. Nikaomba kaa la moto, nikalishika mbele yao, na sikushtuka. Nikasema, "Wenzangu kila mmoja alijua kwamba baada yake nipo mimi. Chibago alimchosha akijua Mazoya atalisikia joto. Ndalu alinyamaza akijua Mazoya atauona uvimbe. Waliegemea ukuta ambao haukuwepo. Ningeondoka kwenye nafasi yangu ya upimaji, angekaa mwenye vidole vizima, na punje nyekundu ingeingia. Sikuondoka kwa sababu ya kata ya kwanza ya pombe."

Hapo hakuna aliyesema ni lake wala si lake. Nilichoona ni akina mama, mmoja baada ya mwingine, wakiwavuta watoto wao na kuwashika viwiko, wale watoto wote niliowapapasa kwa miaka mitatu. Niliinamisha kichwa. Kuna wakati mtu anatamani afokewe, na hafokewi.

Mtemi akamgeukia Sechelela, akamwambia mkono ni wako, jembe ni lako, chagua.

Sechelela akasimama. Mkono mmoja ameufunga kifuani kwa kitambaa. Akasema, "Kiwiko kilianza kuniuma tangu mvua za kwanza za mwaka ule, kabla hamjaja kunipima. Babu Mazoya aliponiuliza, nilimdanganya. Nilijua nikisema ndiyo, mama yangu atalima mawe mwaka mwingine, na macho yake hayana mwaka mwingine. Kwa hiyo na mimi nimo, msinitoe." Akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, na mimi nikatazama chini. "Lakini nyinyi wazee wangu, nimewasikiliza tangu asubuhi. Mnagombea jembe langu ili mrudishiwe nyuso zenu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza shamba lenyewe ni kubwa kiasi gani. Mimi sina kazi na nyuso zenu. Mimi nataka mtama uote."

Mtemi akamwambia tena, basi chagua.

Akasema, "Sichagui. Nikimpa mmoja, nitakuwa nimemsamehe. Na bado sijamsamehe mtu, hata mimi mwenyewe."

Akaketi karibu na mama yake. Upepo wa mvua ulikuwa umeshaanza kuinua vumbi uwanjani, na jembe bado liko pale chini, halina mtu. Mzee Chibago, miaka sitini, mgongo mzima, angelima vizuri kuliko sisi wote. Mama Ndalu anachechemea, lakini hachoki. Mimi nguvu ninazo, ila kwenye palizi, vidole hivi haviwezi kutofautisha gugu na mche wa mtama, na huenda ningeng'oa vyote. Sijui kama mambo hayo yahesabiwe au yasihesabiwe. Msichana alisema anataka mtama uote.

Mtemi akawageukia watu kama mimi ninavyowageukia nyinyi sasa. Alichoamua sitawaambia. Nimewahi kuwaambia wengine, na kila nikiwaambia, wanaitikia tu kwamba mtemi alisema kweli, wanakunja mikeka yao wanakwenda kulala. Na wengine huniuliza, babu, ulilima au hukulima? Hilo nalo si kazi yenu. Nililima au sikulima, korongoni nilimwambia haidhuru.

Semeni nyinyi. Msinionee haya kwa kuwa nipo hapa mbele yenu, na msinihurumie kwa sababu ya mvi. Yupo aliyeuchosha mkono huku akitumaini utastahimili. Yupo aliyejua utavunjika, akanyamaza kulinda jina lake. Yupo aliyejifanya anajua, na hakujua kitu. Na yupo mwenye mkono, aliyeulizwa akakana kwa ajili ya mama yake. Yeyote kati ya wanne hawa angesema neno moja, Sechelela angekuwa na mikono miwili. Jembe ni moja, na mvua inaanguka kesho.

Je, nani alistahili kupewa jembe lile?